Kosa Lililohamahama

Sila Mazengo alikuwa na tabia iliyowachosha watu. Ukimwambia kitu kimeharibika, haulizi kimeharibika vipi. Anauliza kilianza lini. Jiko likitoa moshi, "Ulianza lini?" Mbuzi wa jirani akichechemea, "Alianza lini?" Mkewe Jenifa, ambaye kwao ni Msalato na ulimi wake haukuwa na breki, aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba siku mume wake atakapofuatwa na malaika, atamuuliza malaika, "Na hii ilianza lini?" Wageni wakacheka mpaka chai ikamwagika. Sila naye alicheka, kisha akamuuliza mgeni aliyekuwa akikohoa kikohozi chake kilianza lini.

Alizaliwa Zuzu, katika nyumba za reli, baba yake akiwa kwenye genge la kutengeneza njia ya treni. Alipomaliza darasa la saba alijifunza kuendesha teleksi, ile mashine ya kupeleka barua kwa waya, akaajiriwa na shirika moja la umma pale Dodoma mjini. Miaka kumi na minne alikaa mbele ya mashine hiyo, ikigonga kama mvua ya mawe juu ya bati, na hakuna siku aliyochelewa. Mwaka wa tisini na tano shirika likauzwa. Mnunuzi alikuja na mashine ya faksi yenye ukubwa wa mkate, akaiweka mezani, na teleksi pamoja na Sila wakaambiwa asanteni kwa utumishi.

Hakulalamika sana. Alipalilia mizabibu ya watu, alitengeneza taipureta za ofisi za kata, na jioni alikwenda kwenye ofisi ya kanisa lake, ambako palikuwa na kompyuta moja isiyo na mwenyewe. Pembeni yake aliweka kitabu cha maelezo cha Kiingereza na kamusi. Ukurasa mmoja ulimchukua jioni mbili. Baada ya miaka mitatu kamusi ilikuwa haina jalada, na Sila alikuwa anajua kompyuta ile kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake kwa mlio.

Ndiyo maana mwaka wa elfu mbili na moja, Kituo cha Ufundi cha Ebenezeri, pale Ipagala, kilipoletewa kompyuta sita kuukuu na marafiki wa Ulaya, mtu aliyeitwa kuzitazama alikuwa Sila. Mkuu wa kituo, Bwana Gaudence, mtu wa Ruvuma aliyestaafu serikalini akabaki Dodoma, alimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Masharti yalikuwa mafupi. Kompyuta moja iwe kama mama, zile tano ziunganishwe nayo, zote zitumie laini moja ya simu kupata mtandao. Vijana arobaini walikuwa wamekwisha jiandikisha. Darasa lilikuwa lianze Jumatatu, tarehe mosi Oktoba. Ikifika siku hiyo mashine zinazungumza, Sila anabaki. Zisipozungumza, arudi kwenye mizabibu.

Miezi miwili ilikwenda katika kusafisha, kufunga nyaya na kuomba laini ya simu. Ukabaki mwezi mmoja na kazi moja, nayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Ndani ya kila kompyuta ipo programu ya msingi, ile inayoiamsha mashine asubuhi na kuigawia kazi kutwa nzima. Kituo kilipata ya bure, kwenye CD, kutoka kwa Thomas, muumini mwenzao aliyeko Dar es Salaam na aliyependa mambo hayo. Lakini ile iliyokuja tayari haikuzitambua kadi za mtandao za mashine zile kuukuu. Dawa yake ilikuwa kuchukua maandishi yenyewe ya programu, jinsi waandishi wake walivyoyaandika, kuchagua kinachohitajika, na kuyageuza upya yawe kitu ambacho mashine inaweza kukila. Mafundi wana jina lao la kazi hiyo. Sila aliiita kusaga, na kila aliyeisikia akaelewa: maandishi ni mtama, kompyuta ni kinu, na programu iliyokamilika ni unga. Huwezi kumpa mtu mtama mkavu ukamwambia kula ugali.

Kusaga huko kulichukua saa mbili na nusu kwa mashine ile. Unaandika amri moja, unabonyeza, kisha mistari inaanza kupanda kwenye kioo, maelfu kwa maelfu, na wewe huna la kufanya ila kusubiri. Sila aliomba kimoyomoyo, akabonyeza. Dakika ya tatu mashine ikagoma, kioo kimejaa makosa juu mpaka chini.

Mwingine angesoma mstari wa mwisho, kwa kuwa ndio uliopo machoni. Sila alipanda juu polepole mpaka kosa la kwanza, kwa sababu alijua makosa yana uzao: la kwanza huzaa la pili, la pili huzaa ukoo. Kosa la kwanza lilisema kuna programu ndogo msaidizi haipo. Aliitafuta kwenye CD ya pili, akaiweka, na makosa yote themanini yakatoweka kwa pamoja.

Siku ya pili umeme ulikatika katikati ya kazi. Uliporudi, mashine ikaanza kulalamika kwamba mafaili yake yameandikwa wakati ujao. Sila alilitazama hilo neno muda mrefu. Kisha akauliza kompyuta leo ni tarehe ngapi, nayo ikajibu kwa uhakika kabisa kwamba ni Januari mosi ya mwaka wa tisini na mbili. Betri yake ya saa ilikuwa imekufa. Kila umeme ukikatika, inasahau miaka yote iliyopita. Alikwenda kwa fundi saa wa karibu na stendi, akanunua betri bapa kama sarafu, akarudi kuipachika. Kompyuta ikakubali kwamba ni Septemba.

Siku hizo mbili Sila alikula vizuri na kulala vizuri. Makosa ya namna hiyo aliyapenda. Yana jina, yana mahali pake, ukiyafuata unayakuta nyumbani.

Kosa la tatu halikuwa na kwao.

Jumatatu moja alianza kusaga saa tatu asubuhi, akaenda chumba cha pili kufundisha taipureta, maana hilo nalo alikuwa amepewa. Aliporudi, mashine ilikuwa imesimama kwenye faili la mambo ya diski. Mstari wa mwisho ulisema msagaji mwenyewe, yaani ile programu inayosaga, ameanguka, na mbele yake namba ya kosa, kumi na moja. Sila alilifungua faili hilo, akalisoma herufi kwa herufi. Lilikuwa safi. Akaanza tena mchana. Safari hii faili la diski likapita kama halikuwahi kumsumbua mtu, na mashine ikasimama mbele, kwenye faili la sauti, na namba ileile kumi na moja. Jumanne ikasimama kwenye faili la mtandao. Jumatano ikarudi nyuma, ikasimama kwenye faili ambalo lilikuwa limepita mara tatu.

"CD itakuwa imekwaruzwa," alimwambia Bwana Gaudence, na akayaandika hayo kwenye ripoti ya wiki.

Bwana Gaudence, ambaye aliheshimu maandishi kuliko maneno, alimwandikia Thomas barua. Haikuwa barua tamu. Ilisema vijana arobaini hawawezi kuchezewa, na kwamba anayejitolea afanye kazi kama anayelipwa. Thomas akatuma CD nyingine kwa basi, bila neno hata moja la kuambatana nayo.

CD mpya ikasimama dakika ya arobaini.

Sila akaandika ripoti nyingine: kadi ya kumbukumbu ina kasoro. Akachomoa kadi za kumbukumbu kutoka kompyuta ya tatu, akazipachika kwenye ile mama. Mashine ikasimama dakika ya thelathini na nane, kwenye faili jipya kabisa.

Mtu aliyekuwa karibu na mambo haya yote ni Mama Paskazia, mwanamke wa Iringa aliyezidi miaka hamsini, ambaye alisafisha kituo, alichemsha chai, na alishika funguo zote. Yeye Mhehe, Sila Mgogo, na watani hawaachani hivihivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imesimama tena?"

"Imesimama."

"Mgogo na kompyuta, wapi na wapi! Ingekuwa ng'ombe ungeshampigia mluzi akasogea."

"Na wewe kaa mbali, usije ukaniuliza kama ina nyama. Mbwa wa Ipagala wamepungua tangu uhamie."

"Mbwa wenu wenyewe wamekonda, hata supu hawatoi." Akamwekea kikombe cha chai. "Lakini nakuombea, mtani. Kila asubuhi nikifagia hapa, naomba. Nashangaa Mungu anangoja nini."

Mama Paskazia ndiye aliyeufanya ule ukumbi wa kompyuta uonekane nyumba ya watu. Alipoajiriwa alikuta kompyuta ziko uchi mezani, na upepo wa kiangazi wa Dodoma unaingiza vumbi jekundu hata kwenye dirisha lililofungwa. Alifuma vitambaa sita kwa uzi mweupe, kila kimoja na maua pembeni, kama vile vya kufunikia redio na makochi. Vumbi lilipopenya kwenye matundu ya ufumaji, alishonea kila kitambaa bitana ya nailoni. Bwana Gaudence alifurahi sana, akaandika tangazo kwa mkono wake na kulibandika ukutani: FUNIKA MASHINE UKIONDOKA. Na Sila alikuwa amemwambia mama yule mbele ya wote, "Hapa umefanya la maana."

Alhamisi ya wiki ya mwisho Bwana Gaudence alimwita ofisini.

"Ndugu Sila, keti. CD umeilaumu, nimekuletea CD. Kumbukumbu umeilaumu, umebadilisha mwenyewe. Sasa tunalaumu nini?"

"Bado natafuta, mkuu."

"Unatafuta. Vijana arobaini wanakuja Jumatatu saa tatu. Wengine wanatoka Mpwapwa, wamekwisha panga vyumba." Alivua miwani akaifuta. "Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini ikifika Jumatatu hiki kitu hakijapona, nitaita kampuni kutoka Dar, na wewe sitakuwa na namna ya kukubakiza. Nimesema mapema ili usije ukaona nimekuvizia."

"Nimekuelewa, mkuu."

"Sali pia."

"Nasali, mkuu."

Alipotoka alikwenda kukaa mbele ya mashine, akafungua daftari lake. Alikuwa ameandika kila mara iliposimama: siku, saa, faili. Mara kumi na moja, mafaili tisa tofauti. Akakumbuka mzee aliyemfundisha teleksi, jinsi alivyokuwa akisema: herufi ileile ikikosewa kila mara, fungua ukague kitufe chake, lakini makosa yakitembea, leo hapa kesho pale, achana na vitufe, mashine yenyewe inaumwa. Jiwe likiwamo kwenye mtama, kinu hugoma pale jiwe lilipo. Kinu kikigoma popote, mtama hauna hatia.

Kwa hiyo maandishi ni mazima, na CD ni nzima. Zote mbili. Hilo aliliona Alhamisi hiyohiyo, na halikumpa raha, maana ripoti iliyomtia Thomas lawamani ilikuwa ya mwandiko wake yeye Sila.

Lakini mashine inaumwa nini? Ijumaa alikagua nyaya, alikagua kifaa cha kutuliza umeme, alipuliza vumbi, alibana kila skrubu. Akaanza kusaga saa nne, akazima kioo, akafunika mashine, akaenda darasani. Ikasimama dakika ya thelathini na tisa.

Jumamosi si siku ya kazi, lakini alikwenda. Alimkuta Mama Paskazia uani na beseni mbili, anafua. Alianza kusaga, akaenda stoo kupanga taipureta, akarudi baada ya saa moja akitazamia kukuta imekufa. Ilikuwa inakwenda. Akasimama mlangoni bila kuingia, kama mtu aliyemkuta kuku anatotoa. Mistari ilikuwa inapanda. Saa mbili zikapita. Saa mbili na nusu mistari ikakoma yenyewe, na hapakuwa na kosa. Unga ulikuwa tayari.

Aliipachika ile programu mpya, akaizima mashine, akaiwasha. Ikaamka, ikazitambua kadi za mtandao. Akaunganisha ya pili, zikasalimiana. Sila akainamisha kichwa juu ya kibodi, akamshukuru Mungu kwa maneno machache, maana alikuwa na haya ya kumsumbua tena baada ya wiki nzima ya maombi.

Watu wengi wangefunga mlango wakaenda nyumbani. Jumatatu imepatikana, na kazi imebaki. Lakini swali lake la siku zote lilimkamata kwa upande wa pili: kama hajui lilianza lini, basi walau ajue limeisha lini. Jana lilikuwepo. Leo halipo. Nini kilikuwepo jana?

Alitazama meza. Akatazama madirisha, ukuta, tangazo la ukutani. Akarudi kutazama meza. Ilimchukua muda, maana kitu hicho kilikuwamo katika kila nyumba aliyowahi kuingia. Nyumbani kwake redio ilikuwa nacho. Kwa mama yake Zuzu, hata debe la maji lilikuwa nacho. Jicho hupita juu yake kama linavyopita juu ya mlango uliozoeleka.

Mashine ilikuwa uchi, kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kwenye beseni.

Akaivulia koti lake, akaifunika mpaka nyuma kwenye feni, kama alivyokuwa akifanya kila siku kwa mikono yake miwili. Akaanza kusaga upya. Alikaa, saa yake mkononi. Dakika ya thelathini na sita mashine ikasimama, namba kumi na moja. Aliinua koti, akaweka kiganja juu ya bati. Likamchoma.

Hapo mengine yote yakajipanga. Ikiwa imekaa tu bila kazi, kompyuta haichoki, na kitambaa hakiidhuru. Ndiyo maana zile tano hazikulalamika kamwe. Lakini wakati wa kusaga inafanya kazi kwa nguvu zake zote, saa mbili na nusu bila kupumzika, na yeye alikuwa akiizimia kioo, akiizibia pumzi kwa nailoni, na kwenda zake akiwa ameridhika kwamba ameiacha kwa heshima.

Mama Paskazia aliingia na vitambaa mkononi, vimekauka, vimepigwa pasi, vimekakamaa kwa wanga. Alimkuta Sila amekaa, koti magotini.

"Vipi tena? Nimesikia kama ulikuwa unashukuru."

"Nilishukuru. Imepona. Kisha nimeiua tena mwenyewe kwa makusudi."

"Umeingiwa na nini, mtani?"

Alimweleza. Hakuzunguka, na hakuharakisha. Mama Paskazia alisikiliza akiwa amesimama, vitambaa vikiwa vimebanwa kifuani.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe, mama. Wewe ulifuma. Mkono uliofunika wakati inafanya kazi ni wangu."

"Nailoni nimeshona mimi."

"Na mimi nikakusifu."

Mama Paskazia akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi. Alikuwa amefuma maua yale kwa majuma kadhaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ingawa ukumbini hamkuwa na mtu mwingine:

"Sikiliza. Jumatatu mwambie mkuu kwamba ni yule mama msafishaji, hakujua, alikuwa anafunika bila wewe kuona. Mimi hawatanifukuza kwa sababu ya kitambaa. Watacheka, basi. Wewe ukisema ni wewe, atasema fundi gani huyu anayeziba pua ya mashine yake wiki tatu."

"Ndivyo atakavyosema."

"Basi?"

"Basi nitafikiri, mama."

Alifikiri Jumamosi, akafikiri Jumapili kanisani, wimbo ukaanza yeye kakaa. Nyumbani alimwambia Jenifa kila kitu. Jenifa alikuwa anachambua mlenda.

"Usimtaje huyo mama, Mungu hapendi," alisema. "Lakini na wewe usijitaje. Kumbukumbu si ulibadilisha? Sema ulibadilisha kumbukumbu, na sasa imepona. Hapo uongo uko wapi?"

"Uko katikati."

"Katikati ya nini?"

"Katikati ya hayo maneno mawili, mke wangu. Nilibadilisha, ni kweli. Imepona, ni kweli. Uongo umekaa pale katikati, umetulia."

"Haya. Miaka sita umepalilia zabibu za watu. Kaa na ukweli wako, mimi naendelea na mlenda." Lakini baadaye, akimpakulia, alisema bila kumtazama, "Andika kwa kifupi. Ukiandika kirefu ataona unajitetea."

Jumatatu Sila alifika saa moja. Alitoa vitambaa kwenye kompyuta zote sita, akavikunja, akaviweka kabatini. Akaziwasha zote, akaziunganisha na laini. Saa mbili Bwana Gaudence aliingia, akazikuta zinafanya kazi, akaenda kutoka moja hadi nyingine na mikono nyuma kama mtu anayekagua gwaride.

"Sasa hii ni habari," alisema. "Kumbe ilikuwa ni kumbukumbu tu, siyo?"

"Nimeandika, mkuu." Sila akampa karatasi.

Ilikuwa na mistari mitano. Ilisema CD ya kwanza ni nzima, CD ya pili ni nzima, kumbukumbu ni nzima. Ilisema Sila Mazengo alikuwa akifunika mashine wakati inafanya kazi nzito, ikapata joto, ikaanguka. Ilisema mashine isifunikwe mpaka izimwe na ipoe. Chini, sahihi na tarehe.

Bwana Gaudence aliisoma mara mbili. Akaipeleka dirishani akaisoma mara ya tatu.

"Umeniandikia kwamba tatizo ni wewe."

"Ndiyo, mkuu."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu kamili."

"Mimi nimemwandikia yule kijana wa Dar maneno mazito. Kwa ajili ya ripoti yako."

"Ndiyo, mkuu. Nilikosea."

Bwana Gaudence akageuka, akaliona tangazo ukutani. Akalitazama kwa muda.

"Na huo mwandiko ni wangu," alisema.

Mlangoni Mama Paskazia alikuwa amesimama na birika, hajui aingie au arudi.

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba imepona? Nisingejua. Mimi hata nikifunguliwa hilo sanduku sioni kitu ila nyaya."

"Kwa sababu kuna nyingine tano, mkuu, na vijana arobaini watakaozitumia kutwa. Nisingesema, leo jioni zingefunikwa zikiwa bado zinafanya kazi. Na zingekufa moja moja, na kila moja ungemwandikia mtu barua."

Uani sauti za vijana zilianza kusikika. Wale wa Mpwapwa walikuwa wa kwanza. Bwana Gaudence aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, karibu na kalamu.

"Nilikuwa nimekuandalia barua ya mwaka mzima," alisema. "Iko kwenye droo. Sitakupa hiyo. Fundi anayekisia halafu anaandika kama anayejua, siwezi kumpa mwaka." Akazitazama tena zile kompyuta sita. "Nakuongezea majaribio, miezi sita. Ukinipa ripoti nyingine, iwe kama hii ya leo, si kama zile mbili."

"Asante, mkuu."

"Usinishukuru bado. Tangazo nitalibandua mwenyewe. Barua ya Dar utaandika wewe, na uandike kabla ya darasa, iwahi basi la saa nne."

Alitoka, akampita Mama Paskazia, akamwambia chai iletwe vikombe vitatu. Mama yule alipoweka kikombe mbele ya Sila hakusema la utani. Alisema tu, "Miezi sita si haba," akaenda kuwafungulia vijana mlango mkubwa.

Sila alivuta karatasi, akaandika kwa herufi zilizosimama wima, kama alivyozoea zamani pale ambapo kila neno lilikuwa linasafiri kwa waya na lisingeweza kurudishwa: "Ndugu Thomas, Bwana asifiwe. CD zako zote mbili zilikuwa nzima. Aliyekosea ni mimi, na nakueleza hapa chini jinsi nilivyokosea, ili na wewe huko ujihadhari."

Vijana walikuwa wanavuta viti. Mmoja akauliza kwa sauti kama mashine hizi ni salama kuzigusa. Sila aliinua kichwa, akamwambia aguse tu, kisha akarudi kwenye barua, maana ilikuwa imebaki robo saa darasa lianze.